Tamthilia mpya itatoka lini? Hesabu kuanzia siku kamera zilipowashwa

Likitoka tangazo kwamba tamthilia mnayoipenda itazaa tamthilia nyingine, tetesi za tarehe huanza jioni hiyohiyo. Nyingi hukosea kwa sababu moja: zinahesabu kuanzia siku ya tangazo. Tangazo linaweza kutolewa kabla hata skripti moja haijakamilika, kwa hiyo kuhusu ratiba halikuambii chochote.

Anza kwa kuangalia ni nini hasa kilichoagizwa. Kampuni kusema "tunaandaa" mradi ni jambo moja, kuagiza episodi ya majaribio ni jambo la pili, kuagiza msimu mzima ni la tatu. Mashabiki wa Game of Thrones waliliona hili siku moja tu, tarehe 29 Oktoba 2019. Zilitoka habari kwamba mradi mmoja uliozaliwa na tamthilia hiyo, ulioigizwa na Naomi Watts, umefutwa, ingawa episodi yake ya majaribio ilikwisharekodiwa, na siku hiyohiyo kituo chake cha televisheni, HBO, kikatangaza kuagiza mradi mwingine wa aina hiyo, House of the Dragon, msimu mzima, episodi 10, bila majaribio. Mpaka uone idadi ya episodi imetajwa, usipoteze muda kukisia tarehe.

Sasa tazama tofauti ya hesabu. House of the Dragon iliagizwa Oktoba 2019, ikaanza kurekodiwa Aprili 2021, ikaonyeshwa tarehe 21 Agosti 2022. Ukihesabu tangu kuagizwa ni karibu miaka mitatu; tangu kamera kuwashwa ni miezi 16. Hiyo ya pili ndiyo inayokusaidia unapokadiria tamthilia nyingine ya aina hiyohiyo, yenye mazimwi na majeshi ya kutengenezwa kwenye kompyuta. Isiyo na mambo hayo huchukua muda mfupi zaidi. Better Call Saul, iliyozaliwa na Breaking Bad, ilianza kurekodiwa katikati ya 2014, ikawa hewani tarehe 8 Februari 2015.

Urefu wa kurekodi unaukadiria hivi. Episodi ya saa moja yenye bajeti kubwa huchukua takriban siku 12 hadi 15 za kazi. Zidisha kwa episodi 8, upate siku 96 hadi 120. Gawa kwa siku 5 za wiki, utapata wiki 19 hadi 24. Msimu wa pili wa House of the Dragon ulikuwa na episodi 8 na ulirekodiwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba 2023, kwa hiyo hesabu haiko mbali. Vikosi viwili vya kamera vikifanya kazi kwa wakati mmoja, muda hupungua. Mvua, mwigizaji kuugua au mandhari ya nje mengi huurefusha.

Hapa ndipo picha za seti zinapowapoteza watu. Mwongozaji mmoja mara nyingi hupewa episodi mbili au zaidi na kuzirekodi kwa mchanganyiko, kwa kufuata eneo na si kwa kufuata hadithi. Kama jumba fulani limekodishwa kwa wiki mbili tu, kila tukio la jumba hilo hurekodiwa ndani ya wiki hizo, la mwanzo na la mwisho. Mhusika akionekana na vazi la episodi ya mwisho, huenda ndiyo kwanza kazi imeanza.

Tarehe za kweli za kurekodi zipo, ukijua pa kuzitafuta. Kanada, kwa mfano, shirika la Creative BC huchapisha orodha ya kazi zinazorekodiwa katika jimbo la British Columbia, pamoja na siku ya kuanza na ya kumaliza. Tahadhari moja: miradi mikubwa hujificha nyuma ya jina bandia, kwa hiyo linganisha majina ya watayarishaji na waongozaji badala ya kichwa cha mradi. Siku ya kumaliza ikisogea wiki mbili, tulia. Ikisogea miezi miwili, kuna jambo zito. Kurasa za IMDb, tovuti ya taarifa za filamu na tamthilia, zisiwe msingi wa tarehe, maana watumiaji wa kawaida wanaweza kutuma taarifa humo, na tarehe ya 31 Desemba iliyowekwa mapema mahali popote mara nyingi ni ya kujazia nafasi tu.

Kisha kuna kosa ambalo hata mashabiki makini hulifanya: kudhani kumaliza kurekodi kunatosha kukupa tarehe. Kunakupa tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, basi. Msimu ule wa pili wa House of the Dragon ulikamilika kurekodiwa Septemba 2023 na kuonyeshwa tarehe 16 Juni 2024, miezi 9. A Knight of the Seven Kingdoms, nayo imezaliwa na Game of Thrones na ina episodi 6 tu, ilimaliza Septemba 2024 lakini ikaonyeshwa tarehe 18 Januari 2026, baada ya kutarajiwa 2025. Miezi 16, kwa kazi ndogo zaidi! Kilichobaki ni kalenda ya kituo. Kituo hakipendi kurundika tamthilia zake kubwa mwezi mmoja, na kinaangalia pia tuzo za televisheni za Marekani, Emmy, ambazo mwaka wake huanzia 1 Juni hadi 31 Mei. Kwa hiyo chora kalenda ya kituo kizima, uweke tamthilia zake nyingine zote zenye tarehe, ndipo utafute pengo.

Migomo nayo ihesabu kwa uangalifu. Waandishi wa Marekani waligoma kuanzia 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, waigizaji kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, lakini House of the Dragon iliendelea kurekodiwa Uingereza kwa kuwa skripti zilikuwa tayari na waigizaji wengi walikuwa chini ya mikataba ya chama cha huko. Uliza kwanza skripti zimefikia wapi na mikataba ni ya nchi gani, kabla ya kuongeza miezi.

Makadirio yako yaandike kama kipindi cha miezi mitatu, na kando yake sababu. Trela kamili ikitoka, kwa kawaida zimebaki wiki nne hadi nane.