Baiti nne za mizani: nani apime mpaka?

SWALI: Naandika laibrari ya C ya kusoma uzito kutoka mizani za kidijitali za kupokelea kahawa Mbozi. Chipu ni Cortex-M0, biti 32. Mahali uzito unapoanzia, yaani "mwanzo", napata ndani ya kifurushi chenyewe cha data kinachotoka kwenye mizani. Juu ya fanksheni soma_uzito(data, urefu, mwanzo) nimeandika "data iwe sahihi", na ndani napima:

if (mwanzo + 4 > urefu) return -1;

Bado chipu huganda mara mojamoja. Tatizo nini?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo chako kina tundu. Naona mwanzo na urefu ni size_t, aina ya namba ya C isiyo na hasi. size_t ya biti 32 ikipita 4294967295 hurudi sifuri. Kifurushi kilichoharibika kikileta mwanzo 4294967294, ukijumlisha 4 unapata 2. Mbili haizidi urefu, tuseme 64, kwa hiyo kinapita, na unasoma nje ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu linaloshika kifurushi. Namba iliyotoka nje usiijumlishe. Toa kwenye ile unayoiamini:

if (urefu < 4 || mwanzo > urefu - 4) return -1;

Usiiache nusu ya kwanza: urefu ukiwa 3, "urefu - 4" inakuwa namba kubwa kupindukia. Wala usitegemee assert, kipimo cha C cha kusaka makosa, maana ukikompaili na swichi ya NDEBUG inatoweka. Heartbleed, tundu la usalama la 2014, ilikuwa ndugu wa kosa hili: OpenSSL, laibrari ya kusimba mawasiliano ya mtandao, iliamini urefu uliotajwa na mwombaji, ikampa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa ombi moja.

Tazama pia kama unageuza pointa (anwani ya data) kuwa ya uint32_t, namba ya baiti nne. Cortex-M0 haisomi baiti nne kwa mpigo kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, husimama palepale. Nakili kwa memcpy, fanksheni ya C ya kunakili baiti.

Sasa maelezo uliyoandika juu ya fanksheni. "Data iwe sahihi" haimwambii mtu afanye nini. Andika yale ambayo fanksheni haiwezi kuyapima yenyewe:

"Anayeita ahakikishe data inaelekeza kwenye baiti zinazosomeka, zisizopungua urefu, na intarapti au DMA isiandike humo hadi fanksheni irudi. Mwanzo waweza kuwa namba yoyote. Ukivuka mpaka, jibu ni -1." (Intarapti ni kazi inayokatiza programu; DMA ni sehemu ya chipu inayoandika kumbukumbu bila kupitia prosesa.)

Pale unapoiita, ongeza mstari wa sababu, kama waandishi wa lugha ya Rust wanavyoandika SAFETY juu ya bloku ya unsafe, yaani msimbo ambao kompaila haiwezi kuthibitisha usalama wake: "bafa ni baiti 64, kaunta ya UART haivuki 64." (UART ni mlango wa chipu wa kupokea data.) Atakayepunguza bafa iwe 32 ataona hapohapo kwamba kaunta nayo lazima ibadilike.