Usimhamishe mtoto kutoka shule ya kitaifa kwa hofu ya kukosa chuo

Dada, umeuliza kama umrudishe mwanao Lamu kutoka shule ya kitaifa huko bara. Yuko kidato cha tatu, anapata B-, na kila muhula wenzake zaidi ya mia wanamtangulia, nawe waogopa vyuo vikuu vya serikali vitawachukua hao wa mbele, yeye abaki. Kwa sababu hiyo peke yake, nakusihi usimhamishe. Mimi ni wa Malindi, nilisoma shule ya namna hiyo, nikaingia Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na siku hizi nawasaidia vijana wa mtaani kujaza maombi ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Nafasi ya mtoto darasani haiulizwi popote.

Kinachotazamwa ni KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+, yaani pointi 46 kati ya 84 kwa masomo saba. B- huanzia 53. Na B- ya shule yake ina uzito uleule wa B- ya Lamu. Wenzetu waliokuwa wakishika mkia darasani walikutana chuoni na vijana walioongoza shule zao, wakasoma nao kozi moja.

Kazi iko kwenye kozi anayoitaka. Kila kozi ina masomo yake manne, ndiyo klasta, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea kwa sababu macho yao yako kwenye wastani tu. Kwa makadirio, pointi za masomo hayo manne hugawanywa kwa 48, ambayo ndiyo jumla yao ya juu kabisa, jumla ya masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu mawili yakazidishwa, ikatafutwa kipeuo cha pili, kisha ikazidishwa kwa 48. Chukua vijana wawili wanaotaka uuguzi, unaotazama biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Wa kwanza ana B ya pointi 62, lakini masomo yale manne yamempa 43. Wa pili ana B+ ya pointi 67, ila katika manne hayo amepata 37, kwa kuwa alama zake nzuri ziko kwenye historia, dini na biashara. Wa kwanza anatoka na 39.0, wa pili 37.6. Mwenye B amempita mwenye B+! Nimeliona hili likiwaliza watu wazima.

Basi muulize mwanao anataka kusomea nini, halafu mtazame masomo manne ya kozi hiyo. Akitaka ualimu, akazanie yale mawili atakayofundisha, asishuke chini ya C+. Akitaka udaktari, sitakuficha, B- haitoshi, na waombaji ni wengi wenye A. Pointi za mwisho zinazotangazwa kwa kila kozi ni za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita, kwa hiyo hupanda na kushuka, na kozi ileile huweza kuwa rahisi zaidi kupatikana chuo kingine. Asijaze Nairobi tupu.

Kuhama kidato cha tatu kuna hatari nyingine. Huenda shule atakayoenda haina somo analofanya sasa, na mapema kidato cha nne majina na masomo yanasajiliwa kwa KNEC, baraza la mitihani la taifa. Atalazimika kuanza somo jipya akiwa na mwaka mmoja tu wa kulimudu.

Kama mtoto hana raha kule, hapati usingizi, hali chakula vizuri, au anaonewa, hilo ni jambo jingine kabisa. Mlete nyumbani na wala usingoje ushauri wa mtu. Lakini kama ni alama tu, niandikie hapa masomo yake yote, alama za muhula huu na kozi anayoitamani. Nitakukokotolea klasta yake, tuone ni somo lipi la kutafutiwa mwalimu likizo hii.