Jibu: Kupanga kazi za zizi siku za kipupwe

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza vipi familia yenye ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi wachache hapa Pemba itamaliza kazi za zizi kipupwe hiki, ilhali kila mtu anahitajika kwenye mavuno ya mpunga. Kwa maoni yangu, kazi isiyofaa kuharakishwa kamwe ni kukamua: kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu, kikaushwe kwa kitambaa safi, na maziwa ya mwanzo ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe cheusi, kwani yakionekana humo mabonge madogo meupe, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele na maziwa hayo hayafai kuuzwa. Mbuzi, hata wakilia, wasifunguliwe mpaka umande ukauke, kwa sababu mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani yenye unyevu. Wakati huo kijana mmoja anaweza kufagia banda na kuwakagua kupe masikioni na chini ya mkia. Mabua ya mpunga, nakusihi sana, msiyachome: yaanikeni yakauke barabara, kisha myaweke pasipovuja, maana jua la kaskazi likishika, majani mabichi huadimika.