Mimi namkumbuka masta usiku ule aliokuwa amelewa

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni masta gani wa muvi za karate na kung fu ameacha kitu kisichofutika, mimi jibu langu ni Mzee Miyagi wa The Karate Kid ya 1984, na najua wengi watamtaja huyo huyo ila mimi nina sababu yangu.

Ukimtaja Miyagi watu wanakurukia na habari ya kupaka polishi gari kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto. Ni tamu kweli, mwanafunzi wake dogo Daniel anapiga msasa sakafu anapaka rangi uzio mpaka hasira zinampanda, kumbe mikono ishajua kukinga ngumi. Lakini masta wa kumtesa mwanafunzi walishakuwepo, mwaka 1978 peke yake Hong Kong walitoa The 36th Chamber of Shaolin, Gordon Liu kabebeshwa ndoo za maji, na ile Drunken Master ambayo mzee Yuen Siu-tien anamnyoosha Jackie Chan mpaka unamuonea huruma. Wale mamasta walikuwa wakali, wana mbinu, wana ndevu nyeupe, ila hujui usiku wakilala wanamlilia nani.

Miyagi unajua. Daniel anaenda kwake usiku anamkuta kalewa chakari, kavaa sare zake za jeshi, anaadhimisha siku ya ndoa yake peke yake. Mke alifariki kwenye uzazi na mtoto akafa naye, ndani ya kambi ya Manzanar, kwenye Vita ya Pili ya Dunia ambayo Marekani iliwafungia makambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, na wakati huo huo mume yuko Ulaya na kikosi cha 442, kile cha wanajeshi wa Kimarekani wenye asili ya Japani, anaipigania Marekani hiyo hiyo! Dogo anamlaza kitandani, anaiona na nishani. Studio walitaka sehemu hiyo ikatwe, wanasema inapunguza kasi ya muvi, director John Avildsen akakataa, na mimi namshukuru mpaka leo kwa sababu bila usiku ule Miyagi angebaki kizee cha kusema misemo tu.

Na Pat Morita aliyemcheza hakuwa anabuni maumivu. Utotoni aliugua TB ya uti wa mgongo, akakaa hospitali miaka na miaka, na alipopona tu akapelekwa kambini Gila River, Arizona, kuungana na wazazi wake waliokuwa wameshafungiwa huko. Karate hakuijua, mapigo magumu kwenye muvi yalifanywa kwa niaba yake na mtaalamu wa karate Fumio Demura, na watu walimzoea kama mchekeshaji hadi prodyuza mwanzoni hakumtaka. Akaishia kuteuliwa kugombea Oscar.

Mimi nilifundishwa karate miaka mitatu na sensei ambaye sikuwahi kumuuliza hata ana watoto wangapi, nilikuwa namuogopa na kumpenda, namuona kama kazaliwa na ule mkanda mweusi. Muvi hii niliirudia ukubwani, ilipofika pale kwenye sare za jeshi nikaisimamisha nikampigia simu. Nikamuuliza, sensei, nyumbani kwako hawajambo? Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunisimulia habari za mkewe.