Umemvisha Nguo ya Nani?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, filamu za zamani za nyeusi na nyeupe zitiwe rangi ili vijana wa leo wazitazame? Kwa kuwa kutia rangi picha za kale ndiyo kazi inayonilisha hapa Kakamega, nimeona nijibu kwa urefu kidogo. Mhariri akate panapomchosha.

Filamu ya kuigiza iacheni ilivyo. Picha za matukio ya kweli tieni rangi, mradi yupo mtu au kitu cha kuwaambia rangi ilikuwa gani.

Nina saiba ndogo karibu na steji, na wateja wangu wakubwa ni wafiwa. Huku kwetu mzee akifariki, kabla hata siku ya mazishi haijapangwa, mtu hutumwa mjini na picha iliyotolewa ndani ya Biblia. Iskaniwe, isafishwe, itiwe rangi, iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha mazishi na kwenye bango la getini. Picha za miaka ya 60 na 70 nyingi zilipigwa studio: mtu amesimama wima kama askari wa gwaride, mkono mmoja juu ya kiti, macho yamekodolewa. Zote kijivu.

Miaka michache iliyopita vijana watatu waliniletea picha ya kukhu wao, yaani nyanya yao, iliyopigwa Kisumu mwaka 1968. Ilikuwa Alhamisi, mazishi Jumamosi. Nikaitia kwenye ile programu inayotia rangi yenyewe, na dakika moja haikuisha kazi ikawa imekamilika. Gauni lilitoka samawati iliyofifia, ngozi ikatoka rangi ya chai yenye maziwa mengi. Wajukuu walifurahi, wakalipa, wakaondoka na nakala za kwanza. Kesho yake asubuhi akaja bibi mmoja na mkongojo wake, kijitabu mkononi. Alikuwa mdogo wa yule marehemu. Salamu yenyewe aliitoa nusu.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu dada yangu umemvisha nguo ya nani?"

Gauni lilikuwa la manjano. Si manjano ya limau, bali ya kiini cha yai la kienyeji. Marehemu alikuwa amenunua kitambaa kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu, na huyu mdogo ndiye aliyetumwa kwa fundi kulichukua likiwa tayari. Baba yao alinuna mwezi mzima, akisema mwanamke wa rangi hiyo huonekana tangu mtoni. "Na dada yangu hakuwa mweupe hivi," bibi aliendelea. "Alikuwa mweusi anang'aa, na alijua." Nilimvutia stuli, nikaifungua picha upya, tukaanza pamoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mashine ilikosea, na jibu ni rahisi mno. Filamu ya kijivu huhifadhi kitu kimoja tu, yaani kiasi cha mwanga. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea vinaweza kutua kwenye kijivu kilekile, na mashine haina namna ya kuvitofautisha. Inachofanya ni kukumbuka mamilioni ya picha ilizofunzwa nazo na kubahatisha: nyasi kijani, mbingu samawati, gauni lisilojulikana lipewe rangi ya kupoapoa isiyoudhi mtu. Hata ngozi inabahatishwa. Hilo halikunishangaza sana, kwa sababu hata zamani za filamu za rangi, kadi ambazo Kodak iliwapa mafundi wa maabara wapimie rangi ya ngozi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Ikiwa yeye katoka vizuri, kazi imepita. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka.

Sasa chukueni picha moja iliyonila nusu siku, mzidishe. Filamu hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Ndiyo maana biashara hii ilingoja kompyuta. Zamani ilifanywa kwa mkono, na ilifanywa kweli: ile safari ya mwezini ya Georges Méliès ya mwaka 1902 iliuzwa pia katika nakala zilizopakwa rangi na wanawake wa karakana moja ya Paris, fremu baada ya fremu, kwa brashi. Lakini hiyo ilikuwa filamu ya dakika chache, na Méliès mwenyewe ndiye aliyetaka rangi.

Vita vyenyewe juu ya kutia rangi vilizuka miaka ya 1980. Mwaka 1986 tajiri wa runinga wa Marekani, Ted Turner, aliinunua kampuni ya filamu ya MGM, na alipoiuza muda mfupi baadaye alibaki na hazina ya filamu zake za kale. Akaanza kuzitia rangi ili ziuzike kwenye runinga. Casablanca ya mwaka 1942 ilionyeshwa na rangi mwaka 1988. Citizen Kane ya mwelekezi Orson Welles nusura ipatikane na yaleyale mwaka 1989, ikaokolewa na mkataba wa zamani uliompa Welles mamlaka juu ya kazi yake. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1985. Karatasi ilimtetea maiti. Naipenda sana habari hiyo, labda kwa sababu karibu kila ninayemtia rangi ni marehemu.

Mwelekezi mwingine, John Huston, naye alilalamika akiwa hai na mgonjwa, akafariki mwaka 1987. Kituo cha runinga cha Ufaransa kilipotaka kuonyesha The Asphalt Jungle, filamu yake ya mwaka 1950, ikiwa imetiwa rangi, warithi wake walikwenda mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa ilikubaliana nao kwamba haki ya mtunzi kulinda sura ya kazi yake haiuzwi pamoja na filamu. Marekani haikufika huko. Sheria yao ya mwaka 1988 ilianzisha orodha ya filamu za kuhifadhiwa, zisizozidi 25 kwa mwaka, na kutaka iliyo katika orodha hiyo ikitiwa rangi ibandikwe maelezo ya kumwambia mtazamaji hivyo. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya ninachokiona kwenye simu za vijana siku hizi, ambako video ya mwaka 1910 hupita ikiwa na rangi zote na hakuna aliyesema neno.

Mtasema: basi tafuteni mashahidi, kama yule bibi. Mpaka hapo mimi pia nilidhani nimepata dawa. Kisha nikasoma kuhusu Superman wa runinga wa miaka ya 1950, aliyeigizwa na George Reeves. Misimu miwili ya kwanza ilipigwa bila rangi, na vazi alilovaa halikuwa samawati na nyekundu. Lilikuwa la kahawia na kijivu, kwa kuwa hizo ndizo zilizotofautiana vizuri mbele ya kamera. Sasa shahidi atasema nini? Akisema kweli, Superman atapaa na suti ya kahawia kama karani wa kaunti. Akisema tunachokitarajia, atakuwa amedanganya kuhusu kilichosimama mbele ya kamera. Na katika Psycho, filamu ya kutisha ya mwaka 1960, damu inayoteremka na maji ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Itieni rangi yake halisi basi, muone kama kuna atakayeogopa.

Filamu ya kuigiza ya wakati ule haikuwa na rangi iliyopotea. Mafundi wa mavazi, wa vipodozi, wa taa, wote walifanya kazi kwa ajili ya kijivu. Gauni lile la manjano lilikuwepo, baba wa watu alilinunia. Rangi ya filamu ile haikuwahi kuwepo, kwa hiyo hakuna wa kuikumbuka.

Kuna moja inayonisumbua, na wapenzi wa filamu za Kihindi hamtanisamehe nikiiruka. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 sehemu zake chache zilipigwa kwa rangi, na nyingine zote bila. Mwelekezi wake, K. Asif, alipoona sehemu za rangi alitamani aipige yote upya, wenye pesa wakakataa. Alifariki mwaka 1971. Mwaka 2004 filamu nzima ikatiwa rangi na kurudishwa kwenye majumba ya sinema. Hapo nanyoosha mikono. Mwenyewe alitaka, na zile sehemu za rangi zilikuwepo za kutolea ushahidi. Hata hivyo, nikiwa peke yangu naitazama ile ya kwanza.

Mwanangu mkubwa anasema nimezeeka. Hoja yake ni DJ Afro: mbona yeye huchukua filamu ya watu, akaipaka Kiswahili na Sheng juu yake, akaingiza vichekesho ambavyo mwelekezi hakuviota, na vibanda vya video vinajaa? Ni hoja nzuri kuliko zote nilizosikia, na sikupata jibu mpaka nilipokumbuka runinga yetu ya kwanza, Great Wall ya inchi 14, iliyotumia betri ya gari. Haikuwa na rangi. Baba alinunua sokoni plastiki ya kufunika kioo: juu samawati, katikati rangi ya chungwa, chini kijani. Mpira ulipendeza kweli, nyasi kijani, mbingu samawati. Ila msomaji wa habari alikuwa na nywele za samawati, uso wa chungwa na kidevu cha kijani kama chura. Basi saa ya habari ikifika baba aliibandua plastiki, mpira ukianza akairudisha. DJ Afro ni plastiki ile. Unaijua ipo, unasikia sauti yake, na filamu iko palepale chini yake ukitaka kubandua. Mwenye kutia rangi akiifanya hivyo, nakala yake kando na ya asili inapatikana bila kuhangaika, sina ugomvi naye. Ugomvi ni pale rangi inapoingia na ya asili inapotea sokoni.

Picha za matukio ndiyo habari nyingine. Peter Jackson alipotia rangi filamu za Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 2018, alikuwa na sare za kweli za askari wa vita vile katika mkusanyiko wake, akapimia hapo. Huo ni ushahidi. Nami niliwahi kujaribu picha ya bendera yetu ikipandishwa usiku ule wa Desemba 1963. Programu ilifanya utepe wa katikati kahawia na wa chini kahawia kidogo zaidi. Nikavirekebisha kwa nusu dakika, nyekundu na kijani, maana kila mtoto wa shule anajua. Lakini leso za akina mama waliokuwa wakicheza pembeni nilizitazama muda mrefu, nikaziacha.

Yule bibi alikaa na mimi mpaka saa nane. Manjano tuliipata mara ya sita. Ya tano alisema ni ya mgonjwa. Ngozi aliipitisha kwa kunyamaza tu. Nilichapisha picha mbili ukurasa mmoja, ya rangi juu na ya kijivu chini yake, na chini kabisa nikaandika: "Rangi kwa kumbukumbu ya mdogo wake." Kilichobaki ni viatu. Alifunga macho, akajaribu, akafungua. Hakuvikumbuka. Nilimwuliza kama nitie vyeusi, kwa kuwa watu wengi walivaa vyeusi. Akasema la. Viatu vikabaki kijivu.