Wasomaji Wanauliza: Mgongo Unauma, Ombi Limekataliwa

SWALI: Nina miaka 47, naishi Iowa, na nimekata nyama kiwandani miaka tisa. Mgongo unaniuma hadi mguu wa kushoto unakufa ganzi. Niliacha kazi, nikaomba malipo ya ulemavu ya Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Wamejibu kwamba siwezi tena kazi ya kiwandani, lakini naweza kazi nyingine. Wenzangu wanasema nijaze ombi jipya. Nifanyeje?
– Mama Amani

JIBU: Pole sana, Mama Amani. Usijaze ombi jipya, kata rufaa. Ombi jipya linakurudisha mwanzo wa foleni na laweza kukupotezea malipo ya miezi uliyokwisha kungoja. Una siku 60 tangu upokee barua, na ofisi huchukulia kwamba uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Jaza fomu SSA-561 ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, SSA-3441 ya kueleza kilichobadilika tangu uombe, na SSA-827 inayowaruhusu kuchukua rekodi zako hospitalini. Ukizipeleka ofisini mwenyewe, dai nakala yenye muhuri wa tarehe.

Sasa soma tena jibu lao. Hawakusema huumwi. Wamesema unaweza kazi nyingine, na hapo ndipo maombi mengi ya maumivu sugu yanapokwama. Kwanza wanataka ugonjwa uthibitishwe na daktari kwa vipimo: MRI (picha ya ndani ya mwili), kipimo cha neva, kipimo cha kuinua mguu kuona kama unauma. Kisha wanapima unaweza kufanya nini kwa saa nane, siku tano kwa wiki. Kazi nyepesi kabisa katika hesabu zao ni ya kukaa karibu saa sita kwa siku na kuinua si zaidi ya pauni 10, yaani kama kilo nne na nusu. Kwa umri wako, haitoshi kuonyesha kwamba kisu cha kiwandani kimekushinda. Onyesha kwamba hata kiti kimekushinda. Ukifikisha miaka 50, kanuni hulegea kidogo. Tena tangu Aprili 2020, kutojua Kiingereza peke yake hakuhesabiwi kama kizuizi cha kupata kazi.

Kwa hiyo maumivu yako yaandike kwa dakika, pauni na siku. Katika fomu SSA-3373 ya shughuli za kila siku, “siwezi kupika” haimsaidii anayeamua. Andika: “Nasonga ugali dakika 10 nimeegemea meza, kisha nalala chini nusu saa. Mwanangu ndiye anayebeba kapu la nguo.” Dawa ikikulewesha usingizi, andika unalala saa ngapi mchana. Ukiandika tu “napika, nafua, naenda kanisani”, hayo matatu yatanukuliwa dhidi yako.

Na hili tunaliona mara nyingi kwa watu wetu: daktari anauliza habari, mgonjwa anajibu “nzuri” au “sijambo”, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mkalimani anatafsiri, na kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Salamu ikiisha, sema: “Wiki hii nimelala siku tatu bila kutoka kitandani.” Kama uliruka miadi kwa kukosa bima au usafiri, sema pia. Wanatakiwa kuipima sababu hiyo kabla ya kuihesabu dhidi yako.

Barua ya daktari isemayo “hawezi kufanya kazi” haina uzito, maana uamuzi huo ni wa ofisi. Mwombe aandike unakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kuinuka, unainua pauni ngapi, na kwa mwezi ungekosa kazi siku ngapi, na kila jibu alifunge kwenye kipimo alichokiona.

Wakikataa tena, usivunjike moyo. Wengi hukataliwa hatua hiyo. Una siku 60 nyingine za kuomba kusikilizwa na jaji kwa fomu HA-501. Ushahidi wako ufike, au umjulishe kwa maandishi kuwa upo, angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao. Mara nyingi huwapo mtaalamu wa ajira anayeulizwa kama kuna kazi kwa mtu mwenye vizuizi kama vyako, na hapo zile siku za kukosa kazi alizoandika daktari zina uzito mkubwa. Tafuta wakili mapema. Kwa mkataba wa kawaida halipwi mkishindwa. Mkishinda huchukua asilimia 25 ya malipo ya nyuma, yaani ya miezi uliyongoja, na kuna kikomo: Novemba 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Mkalimani ni bure. Usimtwike mtoto kazi hiyo.

SWALI: Baba yetu ni mkimbizi, hajawahi kufanya kazi Marekani. Barua ya kumkatalia malipo ya ulemavu ilikaa siku 80 bila kusomwa. Amechelewa kabisa?
– Msomaji, Ohio

JIBU: Hapana. Tumeni rufaa leo, pamoja na barua inayoeleza sababu ya kuchelewa. Kanuni zinataja ugonjwa na kutojua Kiingereza miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa, kwa hiyo elezeni nani alipokea barua na kwa nini haikusomwa. Kwa kuwa hana michango ya kazi, malipo yake ni SSI, msaada wa Social Security kwa wenye kipato na mali kidogo: akiba isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, na kwa mkimbizi yana kikomo cha miaka 7 asipopata uraia. Karatasi za uraia zianze sasa.