Zana ya kujaribu programu: ipime kwenye kurasa zenu ngumu kwanza

Kwenye maonyesho ya mauzo utaonyeshwa ukurasa wa kuingia: jina, nywila, kitufe, basi. Hapo kila zana hupita. Zinakoshindwa ni kwenye jedwali linalojisasisha, faili linalopakiwa, au namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, chagueni majaribio manane hivi ya mfumo wenu, matatu yawe ya aina hiyo, myaandike kwa kila zana mnayoifikiria. Wiki mbili zinatosha.

Lugha ya programu ambayo timu yenu hutumia hupunguza orodha haraka. Kwa kurasa za wavuti, Cypress ni JavaScript au TypeScript tu. Selenium na Playwright zinakubali pia Java, Python na C#. Programu za simu zina Appium, na kupima mzigo wa watumiaji wengi ni kazi ya JMeter au k6. Msihangaike kutafuta zana moja ya kufanya yote.

Sasa endesheni kila jaribio mara 20 bila kugusa mfumo. Likifeli hata mara moja, tafuteni sababu. Jaribio linalofeli bure mara 1 kati ya 100 linaonekana zuri, lakini mkiwa na 200 ya namna hiyo, mzunguko mzima utapita safi mara 13 tu hivi kati ya 100. Watu watazoea kurudia bila kusoma matokeo, na hitilafu ya kweli itapenya humo humo. Mara nyingi chanzo ni amri ya kusubiri sekunde 5: seva ikichukua 6, jaribio linaanguka, ikichukua nusu sekunde, mmepoteza muda. Playwright husubiri yenyewe mpaka kitufe kiwe tayari kubonyezwa. Kwa Selenium, sharti hilo la kusubiri mnaliandika wenyewe.

Kisha badilisheni mpangilio wa ukurasa mmoja, mhesabu majaribio yaliyovunjika na dakika za kuyatengeneza. Zana za kurekodi, yaani zinazonasa mibonyezo yenu na kuirudia, mara nyingi huumia hapa, kwa sababu huweza kukitambua kitufe kwa mahali kilipo, kikihama, zinakipoteza. Waombeni waandishi wa programu wakipe kila kitufe muhimu alama yake isiyobadilika.

Kuhusu leseni, ulizeni kama malipo ni kwa mtumiaji au kwa idadi ya majaribio yanayoendeshwa kwa pamoja, na kama majaribio yenu yanaweza kutolewa yakiwa maandishi ya kawaida. Yakikaa kwenye seva ya muuzaji pekee, kwa muundo wake mwenyewe, siku mkihama mtayaandika yote upya.